Tunapolipigia Ziwa Hesabu

Hotuba hii, kuhusu namna ya kukadiria thamani ya maziwa yetu ya maji baridi, ilitolewa Nairobi mbele ya wanafunzi wa uchumi, maofisa wa mipango kutoka kaunti za ziwani na wananchi waliopenda kuhudhuria. Imehaririwa kidogo ili isomeke.

Bwana mwenyekiti, walimu wangu ambao baadhi yenu mnanitazama vilevile mlivyokuwa mkinitazama darasani, maofisa wa mipango mliosafiri usiku ili muwe nasi, ndugu wananchi, mabibi na mabwana: nawashukuru kwa kunialika.

Kabla ya kufika hapa nilipitia Gikomba, upande wa samaki, kwa kuwa sipendi kuzungumzia mali ambayo siku hiyo sijaiona kwa macho. Nilimkuta mama mmoja akimpimia mteja omena, yaani dagaa wa ziwani, kwa gorogoro. Alijaza mkebe mpaka omena wakafanya kichuguu, akaupigapiga ubavuni kwa kiganja ili washuke, akaongeza konzi moja juu, kisha akaumimina wote katika mfuko wa mteja bila neno. Hatua chache mbele, kijana alikuwa akiuza mgongo wazi, yaani kichwa, uti na mkia wa sangara (mbuta, kama tulivyozoea kumwita) ambaye minofu yake imekwisha kuondolewa na pengine wakati huo iko njiani kuelekea Ulaya. Hakuna hata mmoja kati ya samaki wale aliyevuliwa Nairobi. Mji huu hauna ziwa, na mto wake unateremkia Athi mpaka Bahari ya Hindi bila kupita katika ziwa lolote kati ya hayo nitakayoyataja leo. Hata hivyo mji huu unakula samaki wa maziwa hayo kila siku, unapakia maua ya kandokando yake kwenye ndege pale Embakasi, na zaidi ya yote ndio mji ambamo maamuzi kuhusu maziwa hayo hutiwa saini. Ndiyo maana naona inafaa kulisema jambo hili hapa.

Swali nililoletewa na waandaaji lilikuwa fupi: maziwa yetu ya maji baridi yana thamani ya shilingi ngapi? Nitawavunja moyo mapema ili nipate wasaa wa kuwafaidi baadaye. Swali hilo, kwa namna lilivyoulizwa, halina jibu linaloweza kumsaidia mtu kuamua jambo lolote. Hakuna anayenunua Ziwa Victoria, hakuna anayeliuza, na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, imeyaweka maziwa na mito katika fungu la ardhi ya umma. Swali lenye jibu ni hili: kitu fulani kikibadilika ziwani, kina kikipungua mita moja, mafunjo ya ufuo fulani yakifyekwa, taka za mji fulani zikiongezeka, ni nani atakayepata, ni nani atakayepoteza, na kwa kiasi gani? Mchumi anayeweza kulijibu hilo ana kazi ya kufanya. Anayetoa jumla moja kubwa ya ziwa zima ameandika kichwa cha habari cha gazeti.

Nitathibitisha kwa hesabu ambayo kila mmoja wenu anaweza kuifanya kwenye simu yake. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makadirio ya thamani ya huduma za maumbile kwa dunia nzima, nao wakafikia wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka. Katika jedwali lao, hekta moja ya ziwa au mto ilipewa dola 8,498 kwa mwaka. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, yaani hekta milioni 6.88. Ukizidisha utapata dola bilioni 58 na ushei kila mwaka. Pato la Kenya, Uganda na Tanzania kwa jumla, mwaka ule, halikukaribia kiasi hicho. Basi ama wananchi wa nchi tatu walikuwa wakiogelea katika utajiri bila kujua, ama kuna mahali hesabu imeteleza.

Imeteleza katika kile tunachokiita kuhamisha thamani: kuchukua kiwango kilichopimwa mahali pamoja, mara nyingi penye watu wenye kipato kikubwa na viwanda vingi, na kukibandika mahali pengine kama vile maji ni maji tu. Ukilifungua jedwali lile utaona kwamba kati ya dola 8,498, dola 5,445 zilitokana na kazi ya maji kudhibiti mtiririko na 2,117 zilitokana na ugavi wa maji, ilhali chakula, ambacho kwetu ndicho kitu cha kwanza mtu anachokitaja akisikia neno ziwa, kilipewa dola 41. Siwalaumu waandishi wale, maana nia yao ilikuwa kuwazindua watu, na wakawazindua kweli. Nawalaumu wanaoinakili namba hiyo katika mapendekezo ya miradi yao miaka mingi baadaye bila kuuliza ilitoka wapi.

Sasa tushuke ufuoni, kwa kuwa huko ndiko hesabu inakoonekana rahisi na ndiko nilikojiaibisha mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na vijana wanne kukusanya takwimu za omena katika ufuo mmoja wa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria. Wiki tuliyopewa ilipangwa na watu wa ofisini kwa kufuata kalenda ya fedha. Tukapanga mizani yetu, tukakesha, na asubuhi tukapima samaki wachache mno, siku baada ya siku. Mwisho wa wiki nilifanya alichofanya kila mtaalamu mvivu kabla yangu: nikazidisha kwa 52. Mzee mmoja wa ufuo aliyekuwa akishona nyavu karibu nasi aliniuliza tumepata nini, nami nikamsomea. Akanyosha kidole juu. Mwezi ulikuwa mpevu. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazoelea juu ya maji, nao huifuata nuru ya taa. Mwezi ukijaa, nuru inatapakaa ziwa zima na samaki hawakusanyiki, kwa hiyo wavuvi hupumzika na kutengeneza vyombo vyao. “Mwalimu,” akaniambia, “umekuja kupima mvua wakati wa kiangazi.” Lau tungekwenda kati ya Aprili na Julai, msimu uvuvi wa omena unapofungwa kwa mujibu wa sheria, tungerudi na sifuri safi na tungeizidisha nayo kwa 52.

Tuseme sasa tumepima sawasawa, mwezi gizani na mwezi mpevu, na tumezidisha kilo kwa bei ya ufuoni. Je, hiyo ndiyo thamani ya uvuvi? Bado. Hayo ni mauzo. Ondoa petroli, nyavu, ukarabati wa mashua, barafu, betri za taa, na ujira wa watu waliokesha. Mwaka 1954 mchumi wa Kanada aitwaye H. Scott Gordon alionyesha jambo ambalo hadi leo linawakera mawaziri wa uvuvi: mahali ambapo kila mtu ana ruhusa ya kuingia na kuvua, mashua zitaendelea kuongezeka hadi faida iliyokuwa ikiwavutia watu imalizike, kwa kuwa kila mwenye mashua huangalia anachokipata yeye bila kujali anachowapunguzia wenzake. Ziwa linaweza kutoa samaki wa mabilioni ya shilingi kila mwaka, na bado ziada halisi, ile inayobaki baada ya kulipia kila kitu, ikawa karibu na sifuri. Ziwa Victoria hutoa karibu tani milioni moja za samaki kwa mwaka kwa nchi zote tatu, na hotuba nyingi huishia kwenye tani hizo kana kwamba uzito ni utajiri.

Naharakisha kuongeza, kabla ya mwalimu wangu pale mbele hajanikatiza, kwamba ujira wa wavuvi hauwezi kuhesabiwa wote kuwa gharama kwa jamii. Kijana ambaye asingevua angekaa bure kituo cha bodaboda, na kwa mtu kama huyo gharama ya kazi yake kwa taifa ni ndogo kuliko malipo anayoyapata mkononi. Kwa hiyo ziwa linaweza kuwa halina faida katika daftari la mwenye mashua na bado likawa limelisha wilaya nzima. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Kisha yapo mambo ambayo bei ya ufuoni inayaficha. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akazagaa katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikajengwa kandokando ya ziwa. Nyama yake ina mafuta mengi, haianikiki juani kama ya samaki wetu wa asili, kwa hiyo hukaushwa kwa moshi, na moshi unataka kuni. Miti iliyokatwa vilimani kwa ajili ya kumkausha sangara haikuandikwa popote katika mauzo ya sangara, wala tope lililoporomoka baadaye kutoka vilima hivyo likaingia ziwani. Siku hizi kuna biashara ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, vinavyosafirishwa kwenda Asia ya Mashariki na ambavyo kwa kilo moja vina bei inayoizidi mbali ile ya minofu. Atakayehesabu minofu peke yake atakosa sehemu nono, na atakayehesabu minofu na mabondo na kusahau mgongo wazi atakosa chakula cha watu wasiomudu minofu wala mabondo.

Na kuna jaboya. Najua katika hafla kama hii neno hilo huwafanya watu watazame viatu vyao. Mwanamke anayefika ufuoni kununua samaki mara nyingi amelazimishwa kulipa fedha na mwili wake pia ili mvuvi amuuzie yeye badala ya mwenzake. Takwimu zetu zimeandika shilingi peke yake, kwa hiyo bei tuliyoiandika ni ndogo kuliko bei aliyoilipa. Baadhi ya akina mama wa Nyakach waliamua kutafuta mashua zao wenyewe ili waondokane na utaratibu huo. Ukitaka kujua thamani ya mashua moja kwao, usiihesabu kwa kilo za samaki tu.

Niende Naivasha, ambako mali kuu inayopimwa ni maji yenyewe. Naivasha ni mojawapo ya maziwa machache ya Bonde la Ufa yenye maji baridi ingawa halina mto unaotoka, kwa sababu sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Maji hayo hulipiwa. Kwa kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007, aliyechota maji ya kumwagilia alitozwa senti 50 kwa kila mita ya ujazo, na senti 75 akizidisha mita 300 kwa siku. Sasa njoo katika mtaa wowote wa mabanda wa Nairobi ambako mtungi wa lita 20 unauzwa kwa shilingi 10. Mitungi 50 inajaza mita moja ya ujazo. Hizo ni shilingi 500. Wapo watakaosema, kwa haki kabisa, kwamba nalinganisha embe na nanasi, kwa kuwa maji ya mtungini yamesafishwa, yamesukumwa na kubebwa, na yale ya ziwani hayajafanyiwa lolote. Nakubali. Toeni gharama hizo zote mtakavyopenda. Bado mtabaki na pengo kubwa mno, na pengo hilo linatuonyesha kwamba tozo ya maji ni uamuzi wa ofisi, na kwamba haijapata kukutana na thamani ya maji hata njiani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walikadiria mwaka 2012 kwamba ua moja la waridi linalooteshwa kandokando ya Naivasha hutumia kati ya lita 7 na 13 za maji, wakijumlisha ya mvua, ya kumwagilia na yale yanayohitajika kuzimua mbolea inayorudi kwenye maji. Kwa makadirio hayo mita moja ya ujazo inazaa kati ya maua 77 na 143. Hata tukichukua kiwango cha juu cha kanuni zile na kudhani kwamba kila lita ililipiwa, sehemu ya maji katika gharama ya ua moja haifiki senti moja. Mkulima anayelipa hivyo hana sababu ya kujua kama bomba lake linavuja. Watafiti hao walipendekeza mnunuzi wa ua huko Ulaya aongezewe kiasi kidogo cha kutunzia bonde, maana yeye ndiye mwenye uwezo wa kulipa bila kuhisi. Naliona pendekezo hilo kuwa la busara, ingawa nimekaa vikao vya kutosha kujua kwamba fedha zinazokatwa Ulaya kwa ajili ya mto wa Nyandarua, milima inakotoka sehemu ya maji ya Naivasha, zina njia nyingi za kupotea kabla hazijafika Nyandarua.

Kwa thamani halisi ya maji katika kilimo, tunatumia njia ya kutoa: unachukua mapato ya shamba, unaondoa gharama za kila kitu kingine, mbegu, vibarua, mahema ya kuoteshea, umeme, mbolea, usafiri wa ndege, riba ya mkopo, na kinachosalia unakihesabu kuwa mchango wa maji. Njia hii inaheshimika na ina hatari yake. Gharama yoyote uliyoisahau inageuka kuwa thamani ya maji. Nimewahi kupitia ripoti ambayo mwandishi alisahau kuweka nauli ya ndege. Maji yake yaligeuka dhahabu.

Naomba mnivumilie kidogo hapa kwenye mafunjo, kwa sababu ndipo somo letu lilipo. Mafunjo hayauzwi sokoni isipokuwa kama mikeka na vikapu, na kwa bei hiyo kila mwenye nia ya kulima viazi ufuoni atakushinda kwa hoja. Lakini mafunjo yanafanya kazi. Maji machafu yakipita katikati yake, tope linatua, mizizi inafyonza mbolea na uchafu, na yanayofika ziwani ni mengine. Kazi hiyo inapimwaje? Kwa kuuliza: tukiyaondoa, tutalazimika kujenga nini ili kazi ileile ifanyike?

Mfano mzuri zaidi ninaoujua uko Kampala. Kinamasi cha Nakivubo kinapokea maji taka ya mji kabla hayajaingia Ziwa Victoria katika ghuba ya Murchison, na katika ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndipo mji unapochota maji yake ya kunywa. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walilinganisha gharama za kupanua mtambo wa maji taka na za kuhamisha mahali pa kuchotea maji, na wakakadiria kwamba kazi ya usafishaji inayofanywa na kinamasi hicho ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na dola milioni 1.75 kwa mwaka. Tazameni jinsi swali lilivyokuwa dogo: kinamasi kimoja, kazi moja, mbadala wawili wanaojulikana bei. Hakuna aliyeuliza thamani ya Ziwa Victoria. Ofisa wa mipango aliweza kuishika namba ile mkononi na kuilinganisha na kodi ya kiwanja.

Je, kinamasi kiliokoka? Sehemu kubwa ilivamiwa kwa mashamba na majengo. Maji ya ghuba yakazidi kuwa kijani kwa mwani, usafishaji wa Ggaba ukapanda gharama, na baadaye mtambo mpya wa maji ukajengwa Katosi, mbali upande wa mashariki. Mahitaji ya mji nayo yalikuwa yameongezeka, kwa hiyo sitadai kwamba Katosi ilizaliwa na Nakivubo peke yake. Lakini mbadala ule uliokuwa kwenye karatasi mwaka 1999, wa kwenda kuchota mbali, leo una mabomba na deni.

Onyo moja la kihesabu kwa wanafunzi: mkishahesabu thamani ya mafunjo kama mahali pa samaki kuzaliana, msiijumlishe na thamani ya samaki haohao waliovuliwa. Mmewahesabu mara mbili, wakiwa mayai na wakiwa kwenye karai.

Kuhusu utalii nitasema machache. Njia ya gharama ya safari, ambayo wazo lake linatokana na barua ya Harold Hotelling ya mwaka 1947, inapima thamani ya mahali kwa yale ambayo watu wanakubali kuyatumia ili wafike. Familia inayotoka Nairobi Jumamosi kwenda kupanda boti Naivasha imetumia mafuta, kiingilio na siku yake, na kutokana na jinsi watu wa karibu wanavyokwenda mara nyingi na wa mbali mara chache, tunaweza kuchora mchirizi wa mahitaji, yaani mstari unaoonyesha jinsi safari zinavyopungua gharama ikipanda. Ugumu ni kwamba familia hiyohiyo imesimama Mai Mahiu kula mahindi, imepita kwa shangazi, na imeingia Hell's Gate. Ziwa lipewe sehemu gani ya petroli? Kila mtu hukata anavyoona, nami sijapata kuona mkato usioshukiwa.

Inabaki njia inayopendwa na wafadhili, ya kuwauliza watu moja kwa moja: ungekuwa tayari kulipa kiasi gani ili ziwa hili liwe safi? Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, njia hii iligombaniwa hadi serikali ya Marekani ikaunda jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote washindi wa Tuzo ya Nobeli. Mwaka 1993 jopo hilo likasema kwamba majibu ya namna hii yanaweza kutegemewa, mradi masharti makali yafuatwe, kama vile kuwahoji watu uso kwa uso na kuwapa swali la ndiyo au hapana, kama kura, badala ya kuwaachia wataje kiasi.

Mimi niliyafuata masharti. Katika ufuo uleule wa Homa Bay nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa ameweka mtungi wake chini ili apumue: angekubali kulipa shilingi kadhaa kwa mwezi ili maji ya ufuo yawe safi? Akanitazama muda mrefu. “Mwanangu,” akasema, “nani ameyachafua?” Nikamwambia swali halihusu hilo. Akajibu, “Basi kwangu linahusu hilo,” akajitwisha mtungi wake akaenda zake. Katika fomu kulikuwa na kisanduku cha majibu ya namna yake, kimeandikwa “amekataa kujibu”, na utaratibu ulitutaka tuyatoe katika hesabu.

Nimelifikiria jibu la mama yule kwa miaka mingi, na naamini alikuwa ameigusa hitilafu ambayo vitabu vyetu vinaieleza kwa kurasa nyingi. Kuna utayari wa kulipa na kuna utayari wa kukubali fidia. Ukimuuliza mtu maskini atalipa nini ili apate maji safi, jibu lake limefungwa na mfuko wake. Ukimuuliza alipwe fidia gani ili aridhike kuyapoteza, mfuko haumfungi tena, na kiasi kinapanda mara nyingi. Kuchagua swali la kwanza ni kusema, bila kutamka, kwamba haki ya ziwa ni ya mchafuzi na mwanakijiji ndiye wa kuinunua. Kuchagua la pili ni kusema kwamba haki ni ya mwanakijiji. Ibara ya 42 na ya 43 za Katiba zimempa mama yule mazingira safi na maji safi ya kutosha kuwa haki yake. Kwa hiyo kwa maoni yangu, hapa Kenya, kumuuliza atalipa ngapi ni kumuuliza mtu atanunua shamba lake kwa bei gani.

Wapo na samaki ambao hakuna wa kuwasemea. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za fulu, samaki wadogo ambao wavuvi waliwachukulia kuwa chakula cha watoto, na wengi wao walitoweka sangara alipozagaa. Wataalamu wa mageuzi ya viumbe waliwalilia; sokoni bei haikutikisika. Tunacho kitu tunachokiita thamani ya kuwepo, thamani ambayo mtu anaiweka kwa kiumbe asichotarajia kukiona wala kukila, na tunajua kuikisia kwa mahojiano. Sijawahi kuiamini namba yake hata siku moja. Naiandika pembeni, kwa maneno, na naomba wakubwa waisome kwa maneno.

Jambo la mwisho katika hesabu ni muda. Miradi yetu mingi ya umma hupimwa kwa kiwango cha punguzo, yaani kiasi ambacho thamani ya fedha za baadaye hupunguzwa kwa kila mwaka wa kusubiri, cha asilimia 12 au karibu na hapo. Kwa kiwango hicho, hasara ya shilingi 1,000 itakayompata mtu miaka 50 ijayo ina uzito wa shilingi tatu na nusu leo. Kwa asilimia 3, hasara ileile ina uzito wa shilingi 228. Ziwa ni lilelile, tope ni lilelile, na wanafunzi waliokaa safu ya nyuma ndio watakaokuwa hai kulilipia, lakini mtu mmoja ofisini akibadilisha tarakimu moja katika jedwali, mradi unaoua ziwa unakuwa wa faida. Maofisa wa mipango, mkipokea ripoti kesho, naombeni msianzie kwenye muhtasari. Tafuteni kwanza kiwango cha punguzo kimefichwa ukurasa gani.

Nimeulizwa mara nyingi kama kazi hii imewahi kumfikia mtu wa kawaida. Imemfikia, na ilipomfikia ilikuwa ndogo. Ukisimama juu ya milima ya Nyandarua, mvua inayoanguka upande mmoja inaweza kuishia katika bwawa la Sasumua na kwenye mfereji wa nyumba yako hapa Nairobi, na ile ya upande wa pili inateremka na mto Malewa hadi Naivasha. Katika sehemu za juu za Malewa, kuanzia mwaka 2010, wakulima wadogo waliokubali kuacha ukanda wa nyasi shambani, kupanda miti na kuzuia udongo usiteremke walipewa vocha za pembejeo, zilizochangiwa na watumiaji wa maji walio chini ziwani. Thamani ya vocha ilikuwa ndogo, na wapo wakulima walionung'unika kwamba hailipi jasho la kuchimba makinga maji. Lakini kwa mara ya kwanza aliye chini alikubali kwa vitendo kwamba aliye juu anamfanyia kazi, na hilo liliwezekana kwa kuwa swali lilikuwa la mteremko mmoja na mto mmoja.

Mwezi ujao tunarudi Homa Bay. Safari hii tumeitazama kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya fedha, tutakaa siku thelathini kamili, na fomu imeandikwa upya. Hatutaanza na mkuu wa kaya, kwa sababu mara iliyopita wengi wao hawakujua maji ya nyumbani yanachotwa wapi. Tutaanza na anayechota. Swali la kwanza ni jana alikwenda mara ngapi na alichukua muda gani, na la pili ni nani, kwa maoni yake, anayepaswa kulipa. Kisanduku cha “amekataa kujibu” tumekiacha, ila chini yake tumeweka mistari mitano mitupu ya kuandika alichosema.

Bwana mwenyekiti, naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Nipo tayari kwa maswali.